Pande za Pembetatu Mraba: Mwongozo Kamili wa Kuzijua, Kuzikokotoa na Kuzitumia

Niliwahi kuunga kabati la nguo nikiwa nimelilaza sakafuni. Urefu wake mita 2.30, kina chake sentimita 60. Dari nilikuwa nimeshaipima: mita 2.35. Nikajiambia nafasi ipo, tena inabaki sentimita tano nzima. Nilipokaza skrubu ya mwisho tukaliinua, watu wawili. Likapanda vizuri hadi kama robo tatu ya njia, kisha pembe yake ya juu ikagota darini na likakataa kwenda mbele. Tulilirudisha chini, tukalifungua, tukaliunga upya likiwa wima.

Kupima nilipima sawasawa, namba zote zilikuwa sahihi. Nilichosahau ni kwamba kabati linapoinuliwa, kinachodai nafasi si urefu wake. Ni mstari wa mshazari unaotoka pembe ya chini hadi pembe ya juu upande wa pili, na mstari huo siku zote ni mrefu kuliko kabati lenyewe. Mrefu kwa kiasi gani? Swali hilo linajibiwa na pembetatu mraba. Ukijua pande mbili, ya tatu haina pa kujificha.

Andaa karatasi, penseli, rula na mkasi. Kikokotoo kikiwepo ni sawa, kisipokuwepo pia tutafika.

Hatua ya kwanza: ijue kila pande kwa jina lake

Pembetatu mraba ni ile yenye pembe moja ya nyuzi 90. Pembe hiyo huitwa pembe mraba, na kwenye mchoro huwekewa kijimraba kidogo. Pembe mbili zinazobaki jumla yao ni nyuzi 90, kwa hiyo zote mbili ni pembe kali, yaani chini ya nyuzi 90.

Pande mbili zinazokutana kwenye pembe mraba huitwa kitako na kimo. Upande wa tatu, unaoitazama pembe mraba kutoka ng'ambo, ni kiegama. Wengine huuita haipotenusi. Mimi napenda kiegama kwa sababu jina lenyewe linafundisha: limetokana na kuegama, kama ngazi iliyoegemezwa ukutani. Ukuta ndio kimo, sakafu ndiyo kitako, ngazi ndiyo kiegama.

Lakini jina hilo hilo huwapoteza wengi. Chora pembetatu mraba, kisha igeuze karatasi taratibu. Kitako kinageuka kuwa kimo, kimo kinakuwa kitako, na ukifika mahali fulani kiegama kinalala chini kabisa kama sakafu, huku pande nyingine mbili zikipanda juu kama paa la nyumba. Watunga mitihani wanaujua mchezo huu na wanaupenda. Kwa hiyo usitafute upande ulioinama. Tafuta kijimraba, weka kidole hapo, kisha uliza: upande gani haujagusa kidole changu? Huo ndio kiegama, hata karatasi ikiwa imepinduliwa.

Yapo mambo mawili ya kuweka kichwani tangu sasa, maana yatakuokoa baadaye. Kiegama ni kirefu kuliko kila mmoja wa wenzake, ila ni kifupi kuliko jumla yao. Pili, hakiwezi kuuzidi upande mrefu kati ya hiyo miwili kwa zaidi ya mara 1.414 na ushee. Pande zako zikiwa 7 na 10, halafu hesabu ikakupa kiegama cha 16, usipoteze muda kutafuta sababu, rudia hesabu.

Hatua ya pili: ielewe kanuni kabla ya kuikariri

Kanuni yenyewe inajulikana kwa jina la Pythagoras, mwanahisabati wa Ugiriki ya kale: kitako ukikizidisha kwa chenyewe, ukajumlisha na kimo kilichozidishwa kwa chenyewe, unapata kiegama kilichozidishwa kwa chenyewe. Kwa herufi, kitako kikiwa a, kimo b na kiegama c:

a² + b² = c²

Wengi huikariri hivyo na kuisahau hivyo. Kinachowapita ni kwamba kanuni hii inazungumzia maeneo kabla ya kuzungumzia urefu. Ile a² ni mraba halisi, wenye pande nne, uliojengwa juu ya kitako. Kanuni inasema: mraba wa kitako na mraba wa kimo, ukizimega na kuzipanga upya, zinaujaza mraba wa kiegama bila kubaki wala kupungua. Urefu wenyewe haujumlishiki. Maeneo yanajumlishika.

Usiniamini mimi, kata karatasi. Kata pembetatu mraba nne zinazolingana, kila moja kitako sentimita 12 na kimo sentimita 5. Kwenye karatasi nyingine chora mraba wa sentimita 17 kila upande, yaani 12 na 5 zikiunganishwa.

Sasa weka pembetatu moja kwenye kila kona ya mraba huo, pembe mraba yake ikikaa ndani ya kona. Kila upande wa sentimita 17 uvae kipande cha 12 kutoka pembetatu moja na kipande cha 5 kutoka nyingine. Katikati patabaki nafasi tupu ya mraba uliokaa upogo, na pande zake nne ni viegama vinne. Eneo la mraba mkubwa ni 17 × 17 = 289. Kila pembetatu ina eneo la 30, na nne ni 120. Nafasi tupu basi ni 289 − 120 = 169.

Zipange tena pembetatu zile zile. Safari hii ziunganishe mbili mbili, upate mistatili miwili ya 12 kwa 5, uiweke kwenye kona mbili zinazotazamana. Nafasi tupu sasa ni miraba miwili iliyonyooka: mmoja wa 12 kwa 12, mwingine wa 5 kwa 5. Yaani 144 na 25.

Mraba mkubwa ni ule ule. Pembetatu ni zile zile nne. Basi nafasi tupu lazima iwe ile ile: 144 + 25 = 169. Na upande wa mraba wenye eneo la 169 ni 13. Ukichukua rula ukapima kiegama cha pembetatu uliyokata, utasoma sentimita 13. Hakuna kitu katika maelezo hayo kinachotegemea 12 na 5. Weka namba nyingine yoyote, mpango ni huo huo.

Pythagoras aliishi karne ya 6 KK, lakini watu waliijua habari hii muda mrefu kabla yake. Kuna kibao cha udongo cha Wababeli, kinachoitwa Plimpton 322, kilichohifadhiwa Chuo Kikuu cha Columbia, New York. Kiliandikwa takribani mwaka 1800 KK na kimejaa namba za pande za pembetatu mraba. Mstari mmoja una 12,709 na 18,541, kitako na kiegama vya pembetatu ambayo upande wake wa tatu ni 13,500. Mwenye subira na azijaribu. Zinakubali hadi tarakimu ya mwisho. Uthibitisho nao umeandikwa kwa mamia ya namna. Wa Euclid, mwanahisabati mwingine wa Ugiriki ya kale, ni wa takribani mwaka 300 KK, na mmoja uliochapishwa mwaka 1876 ni wa James Garfield, aliyekuja kuwa rais wa Marekani mwaka 1881.

Hatua ya tatu: kutafuta kiegama

Utaratibu ni huu: zidisha kila upande kwa wenyewe, jumlisha, kisha tafuta kipeuo cha pili cha jumla. Angalia maneno hayo yasikuchanganye. Kipeo cha pili ni kuzidisha namba kwa yenyewe; kipeuo cha pili ni kurudi ulikotoka. Herufi moja tu, lakini ndiyo inayotenganisha kwenda na kurudi.

Turudi kwenye kabati langu. Pande mbili zinazokutana kwenye pembe mraba ni urefu 2.30 na kina 0.60.

2.30 × 2.30 = 5.29
0.60 × 0.60 = 0.36
Jumla = 5.65

Tunahitaji kipeuo cha pili cha 5.65. Bila kikokotoo, fanya hivi: kisia namba iliyo karibu, tuseme 2.4. Gawanya 5.65 kwa 2.4, unapata 2.354. Chukua wastani wa 2.4 na 2.354, nao ni 2.377. Zidisha 2.377 kwa yenyewe uone: 5.650. Imetosha. Ukitaka usahihi zaidi, chukua 2.377 kama kisio jipya urudie, lakini kwa kazi za mikono mzunguko mmoja mara nyingi unatosha.

Kiegama ni mita 2.38 hivi, na dari ilikuwa mita 2.35. Nilikosa nafasi kwa karibu sentimita tatu, na dakika mbili za hesabu zingeniokolea mchana mzima.

Makosa mawili hujirudia hapa. La kwanza ni kujumlisha pande zenyewe, 2.30 + 0.60, na kupata 2.90. La pili ni la ujanja zaidi: mtu anafika vizuri kwenye 5.29 + 0.36, kisha anatafuta kipeuo cha kila moja peke yake na kuvijumlisha. Amezunguka njia ndefu kurudi kwenye 2.90 ile ile. Jumlisha kwanza, kipeuo baadaye.

Na vipimo viwe vya aina moja. Mita 2.30 na sentimita 60 haziwezi kuingia kwenye hesabu moja mpaka uzibadilishe. Vilevile usikate desimali mapema. Acha tarakimu zote hadi mwisho, ndipo ukadirie.

Kuna njia ya mkato ninayoitumia kila mara pembetatu inapokuwa nyembamba, yaani upande mmoja ni mfupi sana kuliko mwingine. Kiegama huuzidi upande mrefu kwa kiasi hiki: upande mfupi zidisha kwa wenyewe, kisha gawanya kwa mara mbili ya upande mrefu. Kwa kabati: 0.36 ÷ 4.60 = 0.078. Ongeza kwenye 2.30, unapata 2.378. Umeikaribia sana bila kutafuta kipeuo chochote. Chukua njia ya mteremko ya kiti cha magurudumu inayopanda nusu mita kwa umbali wa mita 6: ziada ni 0.25 ÷ 12, yaani sentimita 2 tu. Ubao wa mteremko utakuwa mita 6.02. Ndiyo maana mteremko mpole huonekana kwa macho kama una urefu sawa na sakafu iliyo chini yake.

Hatua ya nne: kutafuta kitako au kimo

Ukishakuwa na kiegama, unatoa badala ya kujumlisha. Ngazi ya mita 5 imeegemezwa ukutani, mguu wake uko mita 1.3 kutoka ukutani. Inafika juu kiasi gani?

5² − 1.3² = 25 − 1.69 = 23.31

Kisia 4.8, 23.31 ÷ 4.8 = 4.856, wastani ni 4.828. Ngazi inafika mita 4.83.

Kuna njia nyingine ambayo mimi huiona tamu kuliko hiyo. Tofauti ya vipeo viwili vya pili ni sawa na jumla ya namba zenyewe mara tofauti yao. Kwa hiyo 5² − 1.3² ni (5 + 1.3) × (5 − 1.3), yaani 6.3 × 3.7, nayo ni 23.31. Faida yake huonekana namba zikiwa kubwa. Kiegama ni 101, upande mmoja ni 99, wa tatu je? Jumla 200, tofauti 2, zao lake 400, kipeuo 20. Umemaliza bila kuandika chochote.

Ngazi hiyo hiyo inafundisha jambo ambalo kanuni haisemi waziwazi. Tuseme mguu unateleza nusu mita, kutoka 1.3 hadi 1.8. Kichwa cha ngazi kinashuka kutoka 4.83 hadi 4.66, sentimita 16 tu. Mguu ukiwa tayari uko mita 3, ukateleza nusu mita ile ile, kichwa kinashuka kutoka 4.00 hadi 3.57, sentimita 43. Ukianzia mita 4, nusu mita ya kuteleza inakishusha kichwa kutoka 3.00 hadi 2.18, sentimita 82. Hatua chini ni ile ile, anguko juu linaongezeka kila mara. Ushauri wa kawaida wa usalama, kuweka mguu wa ngazi mita moja mbele kwa kila mita nne za kwenda juu, unakuweka katika eneo ambalo ngazi bado ni mpole.

Hatua ya tano: kuhakikisha kona ni mraba kweli

Kanuni inafanya kazi pia kinyumenyume. Pande tatu zikitimiza a² + b² = c², basi pembe inayoitazama c ni nyuzi 90 kamili, hata kama hujawahi kuipima. Hapa ndipo pembetatu mraba inapowalisha mafundi.

Chukua pande tatu, upande mrefu uite c. Kwanza hakikisha ule mrefu ni mfupi kuliko jumla ya wenzake. 7, 9 na 17 hazifungi pembetatu kabisa. Kisha linganisha. Kwa 7, 9 na 11: 49 + 81 = 130, na 11² ni 121. Kiegama kimepungua, kwa hiyo pembe imebana, ni pembe kali. Kwa 7, 9 na 12: 12² ni 144, imezidi 130, pembe imefunguka, ni pembe butu.

Sasa tuko kwenye kiwanja, tunataka kona ya msingi. Njia maarufu ni 3, 4, 5. Piga kigingi kwenye kona. Vuta kamba ya ukuta wa kwanza, ikaze, pima mita 3 kutoka kigingini utie alama. Vuta kamba ya ukuta wa pili, tia alama ya mita 4. Mtu mmoja ashike sifuri ya utepe kwenye alama ya kwanza, mwingine aupeleke kwenye alama ya pili. Wa tatu ashike mwisho wa kamba ya pili, aisogeze kidogo kidogo hadi utepe usome mita 5. Hapo kona imekubali.

Jambo ambalo halisemwi vya kutosha ni ukubwa wa pembetatu unayotumia. Nimewaona watu wakipimia sentimita 60, 80 na 100 kwa sababu utepe mfupi ndio ulio mkononi. Tuseme katika kusoma ule mshazari umekosea sentimita moja, jambo la kawaida kabisa kamba ikilegea. Kwa pembetatu hiyo ndogo kona inapotoka kwa nyuzi 1.2, na mwisho wa ukuta wa mita 12 utakuwa umehama kwa sentimita 25. Kosa hilo hilo la sentimita moja kwenye pembetatu ya mita 6, 8 na 10 linaipotosha kona kwa nyuzi 0.12 tu, na ukuta huo huo unahama sentimita 2.5. Pembetatu imekua mara kumi, madhara yamepungua mara kumi. Tumia kubwa kadiri kiwanja kinavyoruhusu, na utepe uwe mlalo. Ukipima kwa kufuata mabonde na matuta ya ardhi, unapima kitu kingine.

Ukishafunga kona zote nne, pima ulalo zote mbili, kutoka kona hadi kona. Zikilingana, na pande zinazotazamana nazo zinalingana, una mstatili. Sharti hilo la pili usiliruke, kwani trapeza yenye ubavu sawa (umbo la pande nne lenye pande mbili sambamba zisizolingana, na bavu mbili zinazolingana) nayo ina ulalo zinazolingana wakati kona zake si mraba.

Hatua ya sita: namba zinazokaa vizuri

Si kila pembetatu mraba ina pande za namba nzima, lakini zile zenye bahati hiyo zinafaa kujulikana, maana zinakuondolea kazi ya kipeuo. Hizi ndizo ninazokutana nazo zaidi:

3, 4, 5
5, 12, 13
8, 15, 17
7, 24, 25
20, 21, 29
9, 40, 41

Kila moja unaweza kuizidisha kwa namba yoyote: 3, 4, 5 inakuwa 6, 8, 10 au 1.5, 2, 2.5. Ukiona kiegama 39 na upande 15, gawanya kwa 3, unaona 13 na 5. Jibu ni 12 × 3, yaani 36.

Ukitaka kuzitengeneza mwenyewe, chukua namba witiri, tuseme 11. Izidishe kwa yenyewe: 121. Igawe 121 katika namba mbili zinazofuatana: 60 na 61. Basi, 11, 60, 61 ni pembetatu mraba. Njia hiyo haikupi zote. Njia pana ni kuchagua namba nzima mbili, kubwa m na ndogo n. Pande ni m² − n², 2mn, na kiegama ni m² + n². Kwa 5 na 2 unapata 21, 20 na 29.

Hatua ya saba: pembetatu mbili zisizohitaji hesabu

Ya kwanza ni nusu ya mraba. Kata mraba kwa ulalo wake, unapata pembetatu yenye pembe za nyuzi 45, 45 na 90. Kitako na kimo vinalingana, na kiegama ni upande mmoja mara kipeuo cha pili cha 2, takribani 1.4142. Namba hiyo haiwezi kuandikwa kama sehemu ya namba nzima mbili, na desimali zake hazina mwisho wala mrudio. Wababeli walikuwa nayo: kibao kingine cha udongo, kilichoko Chuo Kikuu cha Yale, kimechorwa mraba wenye ulalo wake na kuandikwa thamani ambayo kwa namba zetu ni takribani 1.41421, sahihi kwa tarakimu zote hizo.

Chukua karatasi ya A4 uione kwa mkono wako. Ikunje kona moja ya juu hadi ukingo wa upande wa pili, kama mtu anayetaka kukata mraba. Mstari wa mkunjo ni ulalo wa mraba wenye upande wa milimita 210. Sasa uweke mkunjo huo sambamba na upande mrefu wa karatasi nyingine ya A4. Vinalingana. Upande mrefu ni milimita 297, na 210 × 1.4142 ni 296.98. Karatasi za aina ya A zilikatwa makusudi kwa uwiano huo, ili ukiikata karatasi katikati vipande vyake vibaki na umbo lile lile.

Ya pili ni nusu ya pembetatu sawa. Chora pembetatu yenye pande tatu zinazolingana, iteremshie mstari wima kutoka kileleni. Kila nusu ina pembe za nyuzi 30, 60 na 90. Kiegama ni upande mzima, upande mfupi ni nusu yake, na wa tatu ni upande mfupi mara 1.732, yaani kipeuo cha pili cha 3. Ukichanganyikiwa ipi ni ipi, kumbuka pembe ndogo hutazamana na upande mfupi. Nyuzi 30 hutazamana na nusu ya kiegama.

Hatua ya nane: unapojua upande mmoja tu na pembe

Hapa kanuni ya Pythagoras inakwama, kwa kuwa inadai pande mbili. Msaada unatoka kwenye mfanano. Pembetatu mraba zote zenye pembe kali ya nyuzi 35 zina umbo moja, ziwe za kiganjani au za ukubwa wa mlima. Kwa hiyo uwiano wa pande zake haubadiliki, na uwiano huo umepewa majina. Ukisimama kwenye pembe unayoijua:

sini = upande unaotazamana nayo ÷ kiegama
kosini = upande ulio jirani yake ÷ kiegama
tanjenti = upande unaotazamana nayo ÷ upande jirani

Unataka urefu wa mti. Simama mita 20 kutoka shinani, kwenye ardhi tambarare, pima pembe ya kutazama kilele. Kipimapembe chenye uzi na kijiwe kinachoning'inia kinatosha. Tuseme umepata nyuzi 35. Tanjenti ya nyuzi 35 ni 0.700, na 20 × 0.700 ni 14. Usiishie hapo. Pembe uliipima kutoka jichoni, si kutoka ardhini. Jicho likiwa mita 1.6 juu, mti ni mita 15.6. Hiyo 1.6 ndiyo husahaulika kuliko kitu chochote katika zoezi hili.

Ikiwa kitu kina urefu, upana na kimo

Kuna wakati ulalo hauko kwenye karatasi bali ndani ya sanduku. Fimbo ndefu kuliko zote inayoweza kuingia kwenye sanduku la sentimita 30 kwa 40 kwa 120 ni ipi? Anza na sakafu ya sanduku: 30 na 40 zinatoa ulalo wa 50. Ulalo huo sasa unakuwa kitako cha pembetatu mpya iliyosimama, kimo chake ni 120. 50 na 120 zinatoa 130. Ukipenda kufanya kwa mkupuo mmoja, jumlisha vipeo vya pili vya pande zote tatu kisha utafute kipeuo: 900 + 1,600 + 14,400 = 16,900, na kipeuo chake ni 130. Fimbo halisi ina unene, kwa hiyo ikate fupi kidogo, sentimita 128 hivi, la sivyo ncha zake zitagota kwenye kona kabla haijaingia yote.